Mgonjwa kama Matini: Tahakiki ya Programu Huria za Kumbukumbu za Kitabibu, kutoka Eldoret hadi Dzaleka na Chinsapo

Ikisiri

Makala haya yanazihakiki programu huria za kumbukumbu za kitabibu kama zinavyohakikiwa matini nyingine: zina waandishi, zina msamiati, zina msomaji zilizemkusudia na zina mtu zinazemsimulia. Mifano mikuu ni miwili: OpenMRS, iliyobuniwa na madaktari kutokana na kazi yao ya Eldoret, Kenya, na mfumo wa skrini za mguso wa Baobab Health wa Lilongwe, Malawi. Inadaiwa kwamba madaktari waliufungua msimbo wa programu lakini uandishi wa mgonjwa wakaubakiza ndani ya taaluma yao. Mgonjwa azungumzaye Kiswahili, anayeishi baina ya kambi ya Dzaleka na mtaa wa Chinsapo, ndiye anayeonyesha kwa uwazi zaidi kipi kimefunguliwa na kipi bado.

Utangulizi

Cheti cha hospitali ni utanzu wa maandishi. Kina mwanzo wake (jina, umri, makazi), kina mpangilio wake usiobadilika (malalamiko, historia, uchunguzi, ugonjwa, tiba), na kina mtindo wake: sentensi zilizokatwa, vifupisho, vitenzi visivyo na mtenda. Mhusika wake mkuu husimuliwa katika nafsi ya tatu hata anapokuwa ameketi mbele ya msimulizi. Wahakiki wa Kiswahili wameyasoma maandishi ya kanga, ya daladala na ya matangazo ya biashara, na wamefanya vyema; lakini cheti, ambacho karibu kila mtu wa Afrika Mashariki amewahi kuwa mhusika wake, kimepewa nafasi finyu. Huenda ni kwa kuwa mwandiko wa madaktari hausomeki. Kisingizio hicho sasa kimeondoka, maana tangu mwanzo wa karne hii cheti kimekuwa kikihamia kwenye kompyuta, na huko kila herufi inasomeka.

Kuhama huku kumefanyika kwa sehemu kubwa kupitia programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili na kuubadili bila kumlipa mwenyewe. Jambo la kuvutia ni kwamba iliyoenea zaidi miongoni mwake haikuasisiwa na kampuni ya kompyuta bali na madaktari waliokuwa wakitibu wagonjwa. Sifa hiyo husemwa kama sifa njema, na ni njema kweli. Hata hivyo, mhakiki anapoambiwa kwamba kitabu kimeandikwa na daktari, huuliza mara moja: mgonjwa wa kitabu hiki anazungumza kwa sauti ya nani?

Madaktari na kamusi yao

Nasaba ya OpenMRS inaanzia Indianapolis, Marekani. Mwaka 1972, katika Taasisi ya Regenstrief, daktari Clement McDonald alianza kujenga mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Mwaka 1976 alichapisha katika New England Journal of Medicine makala yaliyodai kwamba makosa mengi ya madaktari hayatokani na ujinga bali na wingi wa habari: binadamu hawezi kukumbuka kila analopaswa kukumbuka, basi kompyuta imkumbushe. Dai hili linafaa kuzingatiwa, kwa sababu linamtaja msomaji aliyekusudiwa. Tangu mwanzo, matini hii iliandikwa kwa ajili ya daktari mwenye kusahau. Mgonjwa alikuwamo kama yaliyomo.

Taasisi hiyo ilikuwa na uhusiano wa muda mrefu na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kilipata mfumo mdogo wa kompyuta wa kuandikisha wagonjwa wa nje, na mwaka huohuo ukaanza mpango wa AMPATH wa kuwatibu wenye VVU. Idadi ya wagonjwa ikakua upesi kuliko uwezo wa mfumo ule mdogo. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Regenstrief, Paul Biondich na Burke Mamlin, walikwenda kuutazama ili waupanue, wakaona kwamba dawa yake ilikuwa kuanza upya. Mwaka huohuo waliungana na daktari Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, aliyekuwa akikabiliana na tatizo kama hilo katika nchi nyingine. Mfumo mpya ulianza kutumika Eldoret mwezi Februari 2006, kisha Rwinkwavu, Rwanda, mwaka huohuo.

Makala waliyoitambulisha kazi hiyo mwaka 2006 yalibeba katika kichwa chake sitiari ya upishi: programu inapikwa, na ushirikiano una mapishi yake. Sitiari hiyo ina ukarimu. Jikoni pako wazi, na anayetaka kuonja aonje. Lakini inafaa kuisoma hadi mwisho wake. Jikoni kuna wapishi, mezani kuna walaji, na kuna chakula chenyewe. Wapishi ni madaktari na waandishi wa msimbo. Walaji ni madaktari wengine, wizara na wafadhili. Mgonjwa hayumo kati ya wapishi wala walaji.

Kiini cha mfumo huo ni kile kinachoitwa kamusi ya dhana, na hapo ndipo mhakiki wa lugha anapopaswa kukaa kitako. Katika mifumo mingi ya zamani kila swali la fomu lilijengwa ndani ya hifadhidata yenyewe: safu moja ya kikohozi, safu moja ya uzito, safu moja ya homa. Daktari akitaka kuuliza jambo jipya, alilazimika kumsubiri fundi aubomoe ukuta na kuujenga upya. Wabunifu wa OpenMRS walikataa mpango huo. Kwao kila jambo linaloweza kuulizwa au kujibiwa, iwe dalili, ugonjwa, kipimo au dawa, ni dhana yenye namba yake katika kamusi, na maelezo ya mgonjwa ni mlolongo wa dhana zilizopewa majibu. Anayetaka kuuliza jambo jipya huongeza dhana moja, na msimbo hauguswi.

Huu ni ubunifu ambao fundi peke yake asingeufikiria kwa urahisi. Unatokana na uzoefu wa mtu aliyeona ugonjwa mpya ukimfikia kabla ya fomu yake kuchapwa. Mamlaka ya kuamua lipi linaweza kusemwa juu ya mgonjwa yalitoka kwa mwenye kompyuta yakaenda kwa mwenye stetoskopu, na katika hospitali ya wilaya tofauti hiyo ni kubwa. Anayesema kwamba uongozi wa madaktari haukuleta chochote zaidi ya majina yao hajaitazama kamusi hii.

Ila mamlaka yale yalipohama hayakwenda mbali. Katika kliniki za AMPATH za miaka ya mwanzo, daktari au afisa tabibu alijaza fomu ya karatasi, kisha karani akaiingiza kwenye kompyuta. Mgonjwa alisema kwa Kiswahili, kwa Kinandi au kwa Kiluhya. Tabibu akatia alama kwenye kisanduku cha Kiingereza. Karani akachapa namba ya dhana. Kauli ya mgonjwa ilikwisha kwenye hatua ya kwanza, na yaliyofuata yote yalikuwa usimulizi juu ya usimulizi. Hakuna ubaya wa mtu mmoja hapa, ni kanuni za utanzu tu. Lakini kanuni za utanzu huweza kuhakikiwa.

Skrini za Lilongwe

Malawi ilifika kwenye jambo hilohilo kwa mlango mwingine. Shirika la Baobab Health lilianza kazi Lilongwe mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Hospitali Kuu ya Kamuzu. Kiongozi wake, Gerry Douglas, hakuwa daktari bali mtu wa kompyuta, na tofauti hiyo inaonekana katika kila alichokijenga. Alichukua i-Opener, kifaa cha intaneti cha majumbani kilichoshindwa sokoni Marekani, akakigeuza kuwa skrini ya mguso ya kliniki, ikitumia umeme mdogo unaopita katika waya uleule wa mtandao, na betri za kushikilia umeme wa Lilongwe unapokatika. Skrini iliuliza swali moja tu kwa wakati mmoja, kwa herufi kubwa, na jibu lilikuwa kugusa. Aliyegusa alikuwa muuguzi au afisa tabibu mwenyewe, mgonjwa akiwa bado kitini. Karani wa katikati aliondolewa.

Mpango wa taifa wa kugawa dawa za kufubaza virusi ulipoanza kupanuliwa mwaka 2004, Malawi ilikuwa na madaktari wachache mno kiasi kwamba kazi hiyo isingewezekana bila maafisa tabibu na wauguzi. Takwimu zake zilipangwa kwa mfano wa mpango wa kifua kikuu, kwa makundi ya kila robo mwaka, chini ya mwongozo wa daktari Anthony Harries. Baobab iliuweka mpangilio huo ndani ya skrini zake, ikatumia muundo wa hifadhidata wa OpenMRS, na ikaufikisha katika vituo vikubwa kikiwamo cha Lighthouse, Lilongwe. Mwaka 2010 Douglas na wenzake waliieleza kazi hiyo katika PLoS Medicine.

Kiswahili kinaifanyia sifa ya uongozi wa madaktari ukosoaji ambao Kiingereza hakiwezi kuufanya. Katika mazungumzo ya kawaida, kuanzia Mombasa hadi Bukavu, daktari ni yeyote anayekupokea akiwa amevaa koti jeupe: muuguzi, afisa tabibu, hata muuza dawa. Wenye vyeo hukereka, lakini wagonjwa wana hoja. Kwao daktari ni kazi, si shahada. Kwa maana hiyo pana, skrini za Lilongwe, ambazo kiongozi wake hakuwa daktari, ziliwafuata madaktari wa wagonjwa kwa ukaribu zaidi kuliko fomu za Eldoret.

Na kulikuwa na jambo moja dogo ambalo, kwa maoni ya makala haya, ndilo bora kuliko yote yaliyotoka Lilongwe. Mgonjwa wa Malawi hubeba kijitabu chake cha afya, kinachoitwa pasipoti ya afya, na hukaa nacho nyumbani. Baobab haikukiondoa. Mwisho wa mahudhurio, mashine ndogo ilichapa kibandiko chenye muhtasari wa siku hiyo, kikabandikwa ndani ya kijitabu. Kibandiko kingine kilikuwa na msimbo pau wa kumtambulisha mgonjwa. Hivyo matini iliyoandikwa juu ya mgonjwa ikarudi mkononi mwake. Angeweza kuipeleka kwingine, kuificha au kuichoma. Ilikuwa katika Kiingereza cha vifupisho, ni kweli, na wengi hawakuweza kuisoma. Lakini kuwa mmiliki wa barua usiyoweza kuisoma ni tofauti na kutokuwa na barua.

Moyo, mimba na mutu

Dzaleka iko wilayani Dowa, yapata kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Ilikuwa gereza enzi za Kamuzu Banda, na tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Sasa wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, na wengine kutoka Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, makanisani na katika redio ya jamii ya kambi hiyo, ambayo jina lake lenyewe ni la Kiswahili: Yetu. Kwa wataalamu wa Kiswahili, Dzaleka ni mojawapo ya miji ya Kiswahili iliyo kusini kabisa, ingawa haijaandikwa hivyo kwenye ramani yoyote ya lahaja.

Wahudumu wa afya wa Malawi huzungumza Chichewa na huandika Kiingereza. Mtu angetarajia kwamba udugu wa Kiswahili na Chichewa ungesaidia. Mara nyingine unasaidia kwa namna ya kupendeza: Mmalawi husema chifuwa chachikulu na Mswahili kifua kikuu, na ugonjwa ni uleule, sitiari ni ileile. Lakini udugu wa lugha una hatari ambayo lugha ngeni kabisa haina, kwa sababu wasioelewana kabisa hutafuta mkalimani, ilhali wanaodhani wameelewana huendelea.

Chukua neno moyo. Katika Kiswahili ni kiungo kinachodunda kifuani, na pia ni kiti cha hisia. Katika Chichewa, moyo ni uhai na afya. Wizara ya afya ya Malawi huitwa kwa neno la mzizi huohuo. Kiungo chenyewe huitwa mtima, neno ambalo Mswahili analikumbuka kutoka kwenye ushairi na hatarajii kulikuta kliniki. Mama wa Uvira akisema moyo wake unamsumbua, amesema jambo la kifuani. Masikio ya muuguzi yanaweza kusikia malalamiko ya jumla juu ya maisha. Upande wa pili, muuguzi akiuliza habari za mimba kwa Chichewa, anaweza kuwa anauliza habari za tumbo. Mswahili husikia ujauzito, na msichana asiyeolewa aliyekuja na mamaye atajibu hapana kwa haraka kuliko alivyoulizwa. Muuguzi akitaja mutu, anataja kichwa. Mswahili anamsikia mtu.

Hapo ndipo skrini inapoingia. Jibu lililogeuka njiani haliandikwi kama jibu lenye shaka. Linakuwa dhana yenye namba, safi kama nyingine zote, na robo mwaka inapokwisha linahesabiwa pamoja nazo. Karatasi ya zamani, pamoja na mwandiko wake mbaya, iliacha alama ya kusitasita: neno lililokatwa, alama ya kuuliza pembeni, jina la mkalimani. Kisanduku hakina pembeni. Katika hili OpenMRS na Baobab hazitofautiani, kwani zote mbili zilirithi kutoka kwa McDonald imani kwamba tatizo ni kusahau. Katika chumba cha uchunguzi cha Dzaleka hakuna aliyesahau kitu. Tatizo lilitokea kabla ya kukumbuka.

Majina ya watu nayo yana mkasa wake. Fomu hutaka jina la kwanza na jina la ukoo. Mkongo huja na majina matatu ambayo mpangilio wake ulitokana na sera ya Mobutu ya mwaka 1972 ya kuyakataa majina ya Kizungu. Ndugu wawili wa Burundi, wa baba mmoja na mama mmoja, mara nyingi hawana jina la pamoja hata moja. Kila kituo huchagua lipi liwe la ukoo, na mtu mmoja akawa watu wawili. Baobab ililiona tatizo la tahajia ikatumia kanuni ya kutafuta majina kwa sauti iliyorekebishwa ili ifuate matamshi ya Kibantu, katika lugha ambazo l na r hupishana bila kuomba radhi. Ilikuwa kazi ya mtu aliyeyasikiliza majina. Ila kusikia sauti za jina si kujua lipi kati ya matatu ni la kuitia.

Swali la makazi

Baada ya jina na umri huja makazi. Nchini Malawi swali hili lina ngazi zake za kawaida: wilaya, mamlaka ya jadi, kijiji. Kwa mwenyeji ni swali la adabu, karibu na salamu. Kwa mkimbizi ni swali la sheria. Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kwa kuweka pingamizi kadhaa, likiwamo lile la uhuru wa kutembea na kuishi popote, na mkimbizi anatakiwa aishi Dzaleka. Mwaka 2021 serikali iliamuru walioko mijini warudi kambini. Mei 2023 amri hiyo ilitekelezwa kwa nguvu, watu wakakamatwa mjini Lilongwe na maduka yao yakafungwa.

Chinsapo ni mtaa uliosongamana kusini-magharibi mwa Lilongwe, nyumba za matofali zimebanana na chumba cha kupanga si ghali. Mtu wa Dzaleka aliyepanga chumba huko ili afanye biashara, akaugua, akaenda kliniki ya jiji, ataulizwa anaishi wapi. Akisema Chinsapo, amesema kweli na amekiri kosa. Akisema Dzaleka, amejilinda, na muuguzi wa ufuatiliaji atakayemtafuta kwa sababu amekosa dozi atakwenda kumtafuta mahali ambapo hayupo. Kwa mtu anayemeza dawa za kufubaza virusi, ambazo hazitaki kukatizwa, uchaguzi huo ni baina ya hatari mbili, na programu inaupokea kama neno moja katika kisanduku kimoja.

Madaktari waliobuni mifumo hii walikuwa na ndoto ya kumbukumbu moja inayomfuata mgonjwa popote aendako. Ni ndoto ya kitabibu na ni ya haki: dawa zisigongane, kipimo kisirudiwe, historia isipotee. Wanaoipinga kwa sababu za jumla za uhuru wa mtu mara nyingi hawajawahi kumwona mgonjwa wa kifua kikuu akianzishiwa dawa upya kwa sababu karatasi yake ilibaki kituo kingine. Lakini ndoto hiyo inamchukulia mgonjwa kuwa ni mtu anayetaka kufuatwa. Dzaleka inajua kufuatwa kwa namna nyingine. Mwishoni mwa 2013 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilijaribu katika kambi hii mfumo wake mpya wa utambuzi kwa alama za vidole na mboni za macho, kabla ya kuupeleka katika nchi nyingine. Kwa hiyo mkazi wa Dzaleka anaandikwa mara mbili: upande mmoja na mwili wake usioweza kukanusha, upande mwingine na kijitabu anachoweza kukiacha nyumbani. Anajua tofauti ya maandishi hayo mawili kuliko mtaalamu yeyote wa faragha.

Ndiyo maana kumbukumbu iliyokatika, ambayo daktari huiona kama kasoro, huenda ikawa ni uamuzi wa mgonjwa mwenyewe. Mtu mwenye vijitabu viwili, kimoja cha kambini na kimoja cha jijini, si lazima awe mzembe. Ameandika masimulizi mawili kwa wasomaji wawili, jambo ambalo kila mwandishi aliyewahi kuishi chini ya udhibiti analielewa. Ni uandishi pekee alioachiwa katika utanzu ambao kila sentensi yake inaandikwa na mwingine, na mfumo wowote utakaoviunganisha vijitabu hivyo viwili bila kumuuliza utakuwa umemnyang'anya kalamu hiyo, hata kama umefanya hivyo kwa ajili ya mapafu yake.

Nafasi iliyo tupu

Ukosoaji huu ungekuwa rahisi kama lawama ingeishia kwa wageni walioleta programu. Haiishii hapo. Katika muundo wa OpenMRS, dhana yenyewe haina lugha, ni namba. Majina yake yamewekwa katika jedwali la pembeni, na kila jina lina alama ya lugha yake. Dhana moja inaweza kuwa na jina rasmi katika kila lugha, na chini yake visawe vingi kadiri itakavyohitajika. Nafasi ya Kiswahili ilikuwamo tangu msingi ulipochimbwa. Mlango uliachwa wazi na madaktari; waliopaswa kuingia ni watu wa lugha.

Wangeingia, swali lao la kwanza lingekuwa: Kiswahili kipi? Mazoea ya taasisi za istilahi ni kulitafsiri neno la kitaalamu la Kiingereza na kulipa usanifu. Hivyo tunapata shinikizo la damu, ilhali mgonjwa husema presha. Tunapata kisukari, ilhali yeye husema sukari. Orodha ya namna hiyo huwapa madaktari Kiswahili chao na kumwacha mgonjwa alipokuwa. Ziko pia kauli ambazo hazina Kiingereza cha kulingana nazo hata kidogo. Kichomi ni maumivu ya kuchoma ubavuni, na pia huweza kuwa jina la nimonia. Chango, kwa wazungumzaji wa pwani, ni utumbo, ni mnyoo, na ni maumivu ya tumbo la mwanamke yenye historia yake ndefu ya tiba za nyumbani. Kuligeuza chango kuwa dhana moja ni kuchagua moja kati ya maana tatu kabla mwanamke hajamaliza kueleza. Mkongo wa Dzaleka ana yake mengine, ambayo kamusi za Dar es Salaam na Nairobi hazijayasajili.

Uzuri wa jedwali lile la visawe ni kwamba halilazimishi ushindi wa neno moja. Shinikizo la damu linaweza kukaa juu na presha chini yake, zote zikielekea kwenye namba ileile. Kwa chango, kamusi ingeweza kupokea dhana mpya kabisa: kauli ya mgonjwa kama alivyoisema, ikihifadhiwa kando ya ugonjwa aliouamua tabibu, bila moja kuifuta nyingine. Kwa moyo na mimba, ingetosha alama ndogo ya kumjulisha muuguzi kwamba neno hili, likitoka kinywani mwa mtu wa Dzaleka, halina maana ya Chichewa. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji watu wa isimu wakae kliniki miezi kadhaa wakisikiliza, pamoja na wakalimani wa kambi, ambao kwa sasa ndio wanaleksikografia wa kweli wa Kiswahili cha tiba nchini Malawi na majina yao hayamo katika kamusi yoyote.

Na kwa swali la makazi, kamusi ileile ina tiba yake. Mifumo mingi huyatia katika chungu kimoja majibu mawili yaliyo mbali mno: mgonjwa hajui, na mgonjwa hakutaka kusema. La kwanza ni pengo la habari. La pili ni kauli kamili, yenye mtenda. OpenMRS tayari inajua kutofautisha hali kama hizo mahali pengine: mtu asiyeijua tarehe yake ya kuzaliwa huandikiwa tarehe pamoja na alama kwamba imekadiriwa, na hakuna anayemlaumu. Anayeulizwa anaishi wapi angeweza kupewa heshima hiyohiyo. Lingekuwapo jibu la tatu baada ya Dzaleka na Chinsapo, lenye namba yake katika kamusi kama malaria na kama nimonia, na jina lake la Kiswahili likisomeka wazi kwenye skrini: hakutaja.